Ndoa inapoyumba mkishapita miaka 45: hatua za kufuata kwa wanandoa wa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Kuanzia umri wa miaka 45 hivi hadi kukaribia 60, mambo mengi huingia nyumbani kwa wakati mmoja. Kifungua mimba yuko chuo kikuu, Maseno au Egerton, kitinda mimba yuko shule ya bweni, na kwa mara ya kwanza tangu arusi watu wawili wanakula chakula cha jioni bila mtoto katikati yao. Mama hapati usingizi, usiku analowa jasho. Baba amesikia kwamba kazini wanapunguza watu. Mzee kule Siaya au Vihiga amepatwa na kiharusi na ndugu wanapiga simu kuuliza ni nani atakayemtunza. Halafu siku moja mnagombana kwa sababu ya ugali uliopoa, na wiki tatu baadaye bado hamsemezani.

Jambo ninaloliona kila mara ninapoketi na wanandoa wa rika hili ni kwamba wengi hukata shauri kubwa kabla ya kujua kinachowaumiza hasa. Mmoja anahama, mwingine anauza ploti, mwingine anatafuta mke wa pili, mwingine anafunga virago na kurudi kwao. Ndiyo maana nimezipanga hatua hizi kwa mfuatano. Tafadhali usirukie ile ya mwisho.

Hatua ya 1: Hakikisha uko salama

Ikiwa unapigwa, unatishiwa, unalazimishwa kulala na mwenzako bila ridhaa yako, au unanyimwa hata pesa za chakula na dawa ili unyenyekee, usiendelee na hatua zinazofuata kana kwamba ni ugomvi wa kawaida. Hilo si suala la umri. Sheria ya kulinda watu dhidi ya dhuluma za nyumbani ya mwaka 2015 inatambua pia mateso ya moyo na ya kunyimwa pesa, na mahakama inaweza kutoa agizo la kumzuia anayekudhulumu asikukaribie.

Piga 1195, ni bure, mchana na usiku. Ukiwa umejeruhiwa, nenda hospitali kwanza. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu ina kituo cha kuhudumia waathiriwa wa dhuluma. Ikiwa ulilazimishwa ngono, fika kabla ya saa 72 kwisha, kwa sababu dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI hazifanyi kazi baada ya muda huo. Kisha nenda dawati la jinsia kituo cha polisi, upewe nambari ya OB (kitabu cha matukio) na fomu ya P3, ambayo daktari hujaza majeraha yako. Wanaume pia hupigwa, na dawati hilo ni lao pia, hata kama watu watawacheka. Waache wacheke.

Hatua ya 2: Andikeni kilichobadilika, kila mtu kivyake

Chukua daftari la shule. Andika yale yaliyobadilika kwako katika miaka miwili au mitatu iliyopita: mwili, kazi, pesa, watoto, wazazi, imani, marafiki. Usiandike makosa ya mwenzako. Andika mabadiliko yako tu. Mwenzako naye afanye hivyo kwake.

Zoezi hili linaonekana dogo, lakini ndilo linalofungua mengi. Fikiria mwanamume aliyekuwa na mshahara wa kiwanda cha sukari kwa miaka mingi. Kule Magharibi tuliona Mumias ikidhoofika polepole hadi ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa na madeni, mwaka 2019, na wengi waliokuwa wakitoka alfajiri na kurudi jioni wakajikuta nyumbani saa nne asubuhi, wanamtazama mke akipanga duka ambalo mke huyo ndiye bosi wake. Ukimuuliza mwanamume kama huyo tatizo ni nini, atakuambia mke hamheshimu. Ukimpa karatasi aandike kilichobadilika, ataandika: sina kazi, sina pa kwenda asubuhi. Hayo ni mambo mawili tofauti, na dawa zake ni tofauti.

Mke naye huenda akaandika kwamba tangu mtoto wa mwisho aende bweni anajiona hana kazi ndani ya nyumba hiyo. Mume wake hajawahi kulisikia hilo hata siku moja.

Hatua ya 3: Nendeni hospitali kabla ya kwenda kwa wazee

Hii ndiyo hatua ambayo watu wetu huiruka, na inaniuma. Wanandoa hufika kwa pasta, kwa chifu, hata mahakamani, na hakuna aliyewahi kuwapima shinikizo la damu.

Kwa mama: hedhi kwa kawaida hukoma kati ya miaka 45 na 55, na miaka kadhaa kabla ya hapo mwili huanza kubadilika. Hedhi inakuja ovyo, joto la ghafla linapanda kifuani na usoni, usiku ni jasho, usingizi unakatika, hasira iko karibu, na uke unakuwa mkavu kiasi kwamba tendo la ndoa linauma. Mume asiyejua haya huona mke akijivuta pembeni mwa kitanda na kuhitimisha kwamba ana mtu mwingine. Mke naye huona haya kusema kwamba anaumia. Mwambie muuguzi au daktari waziwazi. Kuna vilainishi vinavyouzwa kwenye duka la dawa, kuna dawa za homoni kwa wale wanaozihitaji na ambao daktari ameona zinawafaa, na kuna mengi yanayotulia kwa kupunguza pombe, kulala chumba chenye hewa na kufanya mazoezi. Jueni pia kwamba mpaka miezi 12 ipite bila hedhi hata mara moja, mimba bado inaweza kushika. Wapo waliopata mtoto wakiwa na 47 bila kutarajia, na mtoto huyo akawa chanzo cha ugomvi mwingine. Mama akipata damu baada ya kukoma hedhi kabisa, asingoje, aende akapimwe. Na akiwa huko aombe kipimo cha saratani ya mlango wa kizazi, ambacho hakichukui muda mrefu.

Kwa baba: nguvu za kiume zikipungua, mara nyingi mishipa ya damu ndiyo inayosema. Kisukari, shinikizo la damu, sigara, pombe na unene huanza kuonekana hapo kabla ya kuonekana kwenye moyo. Usinunue dawa za mitishamba zinazotangazwa kwenye nguzo za stima pale stendi ya matatu. Nenda upimwe sukari na presha. Baadhi ya dawa za presha zenyewe hupunguza nguvu. Usiziache kimyakimya, kwa sababu unaweza kupata kiharusi. Mwambie daktari akubadilishie. Mficha uchi hazai, na katika umri huu kuficha kunaweza kukuua.

Kwa wote wawili: kama kwa zaidi ya wiki mbili hulali, huli, huna hamu ya chochote, unalia bila sababu au unawaza kufa, huo ni ugonjwa na unatibika. Kliniki za afya ya akili zipo katika hospitali za rufaa za Kisumu na Nakuru. Mwanamume wa hapa mara nyingi haoneshi huzuni kwa machozi. Anaionesha kwa chang'aa, kwa ukimya na kwa ukali, na familia inamwita mlevi badala ya mgonjwa.

Jisajilini SHA, bima ya afya ya serikali, kama bado, kila mtu na wategemezi wake, muanzie kwenye zahanati au kituo cha afya cha serikali kilicho karibu nanyi.

Hatua ya 4: Zungumzeni, jambo moja kwa siku

Msizungumze usiku mmechoka, wala mmoja akiwa amekunywa, wala siku ya kulipa karo. Chagueni Jumamosi alasiri. Tokeni nyumbani kama mnaweza: tembeeni hadi Dunga ufukweni, au kama mko Nakuru, kaeni Nyayo Gardens. Watu wengi wa kwetu hawakulelewa kukaa ana kwa ana na kusema mambo ya moyo, na kutembea bega kwa bega hurahisisha ulimi.

Leteni zile karatasi. Mmoja asome jambo moja tu lililobadilika kwake, mwingine asikilize mpaka mwisho, kisha arudie kwa maneno yake alichosikia kabla ya kujibu. Mnaweza kuanza hivi:

"Baba Achieng', tangu watoto watoke nyumba imenishinda. Ukirudi ukakaa na simu mpaka usiku, naona kama mimi pia nimeondoka. Sitaki kugombana. Nataka tupange jioni mbili kwa wiki, tukae."

Naye: "Mama Achieng', nimekusikia. Unasema unabaki peke yako hata nikiwa ndani. Mimi nakaa na simu kwa sababu naogopa utaniuliza kuhusu mkopo."

Hapo mmefika mahali. Suala la mkopo liachwe hadi Jumamosi nyingine, kwa sababu mkilibeba na hili la kwanza, yote mawili yataanguka. Kama kuna aliyepandisha sauti, rudini nyumbani na mpange siku nyingine. Kusitisha si kushindwa.

Hatua ya 5: Wekeni pesa zote mezani

Katika rika hili, siri za pesa zinavunja ndoa kuliko hata mpango wa kando. Siku ya kikao hiki leteni hati za mishahara, vitabu vya sacco, mikopo ya simu pamoja na Fuliza, michango ya chama, karo iliyobaki. Msisahau mikopo ya watu mliowadhamini. Udhamini huo husahaulika mpaka sacco inapoanza kukata mshahara wako kwa deni la rafiki aliyehamia Eldoret.

Hesabuni miaka iliyobaki ya mshahara. Mtumishi wa serikali hustaafu akiwa na miaka 60. Mwanachama wa NSSF anaweza kudai mafao yake akifika 60, au kuanzia miaka 50 ikiwa ameacha kazi. Kama kitinda mimba ana miaka 14 na baba ana 54, basi mshahara wa baba utaisha mtoto huyo akiwa na miaka 20, pengine bado yuko chuo kikuu, na ni heri mlijue leo.

Kuhusu mafao yenyewe, nina msimamo mkali: pesa zikiingia, msiziguse kwa biashara yoyote mpya kwa miezi sita ya kwanza. Lipeni madeni yenye riba kubwa, tengeni za matibabu, zilizobaki zikae mahali salama zikizaa kidogo. Matatu ya mkono wa pili, kuku elfu moja, ploti ya bei rahisi huko Lanet ambayo hatimiliki yake "inatoka wiki ijayo": nimeona mafao ya miaka thelathini yakimezwa na mambo hayo kabla mwaka haujaisha, na kila mara mwenzi hakuwa ameulizwa.

Sheria nayo muijue, nyote wawili. Chini ya sheria ya mali ya ndoa ya mwaka 2013, mali mliyoichuma pamoja hugawanywa kulingana na mchango wa kila mmoja, na mchango si pesa tu. Kulea watoto, kutunza nyumba, kulima shamba la familia na kusimamia biashara yake vyote vinahesabiwa. Lakini Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba hakuna nusu kwa nusu inayokuja yenyewe. Lazima mtu aoneshe alichochangia. Kwa hiyo mama anayeuza mitumba Kibuye na kununua mabati ya nyumba, atunze risiti na jumbe za M-Pesa. Kufanya hivyo si kujiandaa kuachana. Hata mirathi huzihitaji siku moja.

Tena, katika ndoa ya mke mmoja, mali ya ndoa haiwezi kuuzwa, kukodishwa wala kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili. Ukisikia mwenzako anataka kuuza shamba kisirisiri, nenda ofisi ya ardhi ya kaunti uombe zuio liwekwe kwenye hati hiyo, na ufike kwenye kikao cha bodi ya ardhi siku ombi la kuuza litakaposikizwa. Usikae nyumbani ukilia; nenda ukaseme mwenyewe kwamba hukuridhia.

Hatua ya 6: Suala la kurudi nyumbani

Kwa watu wa Nyanza na Magharibi, swali hili limevunja nyumba nyingi kuliko linavyotajwa. Mume anataka warudi kijijini. Mke anataka abaki mjini. Kila mmoja anaona mwenzake ni mkaidi.

Sikilizeni kilicho chini yake. Kwa Mluo, mwanamume aliyefika umri wa kustaafu akiwa bado analala kwenye simba, yaani nyumba ya kijana, aliyojenga ujanani ndani ya boma la babake hana raha. Anataka dala yake mwenyewe, yaani boma lake, pahali ambapo wanawe wa kiume nao wataweka simba zao, na ambapo atazikwa. Hazungumzii nyumba ya likizo. Anazungumzia kuwa mtu mzima machoni pa watu wake. Mke naye huenda ana kibanda cha omena Jubilee, ana chama, ana kanisa, ana kliniki ya presha karibu. Akienda kijijini anaingia kwenye boma lililo jirani na mama mkwe na mashemeji, hana kipato chake, na anaanza kuomba pesa za sabuni akiwa na miaka 52. Hofu hiyo ni ya kweli kama ilivyo ile hamu ya dala.

Wenye kufaulu katika hili mara nyingi hawakuchagua upande mmoja. Walijenga nyumba kijijini kidogo kidogo, mke akashiriki kuchagua mahali pa jiko na kisima. Walijaribu kukaa huko kipindi kimoja cha mvua, Machi hadi Mei, kabla ya kuhama. Kibanda cha mjini hakikufungwa. Kilipewa msaidizi au binti, na mama akawa anakuja siku za soko. Na pesa za mama zilibaki kwa jina la mama. Kama mko Nakuru na kila mmoja ametoka upande wake, mmoja Kisii na mwingine Nyandarua, kubalianeni mapema mtazikwa wapi na wosia uandikwe. Ni mazungumzo magumu, lakini kuyaahirisha ni kuwaachia watoto kesi ya mazishi.

Wazazi wagonjwa nao waingie hapa. Andikeni nani anatoa nini kila mwezi, pande zote mbili, kwa kiwango kinacholingana na uwezo. Mke asiachiwe kumwogesha mama mkwe ilhali mashemeji wanne wanatuma pole kwa simu.

Hatua ya 7: Kukiwa na mtu wa tatu

Ukigundua, usikate shauri lolote la kudumu katika wiki za kwanza, usimfuate yule mwingine sokoni, na usiweke chochote mtandaoni ambacho watoto wako watakisoma. Fanya hili mara moja: pimeni virusi vya UKIMWI, wote wawili, mrudie baada ya miezi mitatu. Kaunti za kando ya ziwa, Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, zimekuwa miongoni mwa zenye maambukizi ya juu zaidi Kenya, na hapa heshima ya ndoa si kinga. Mkiwa na hali tofauti, kuna dawa za kumkinga asiye na virusi, na anayetumia dawa zake vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono.

Kuhusu mke wa pili: kama mlifunga ndoa kanisani au kwa msajili, sheria ya ndoa ya mwaka 2014 hairuhusu ndoa nyingine juu ya hiyo, na ndoa hiyo ya pili ni batili. Ndoa ya kimila na ya Kiislamu ndizo zinazoruhusu zaidi ya mke mmoja. Mwanamume anayemwambia mwanamke mwingine kwamba ataenda kulipa mahari kwao huku ana cheti cha kanisa anawadanganya wanawake wawili.

Hatua ya 8: Chagua wa kuwasaidia

Penye wazee haliharibiki neno, lakini si kila mzee. Tafuteni mtu mmoja ambaye nyote mnamwamini na anayeweza kufunga mdomo: mshenga wenu wa zamani, mmoja wa waliowasimamia arusini, kadhi, au mchungaji ambaye hana haraka ya kutoa hukumu. Mama mzazi na mama mkwe wasiwe waamuzi. Mkienda kwa mshauri wa ndoa, muulizeni amesomea wapi, anatoza kiasi gani kwa kikao, na kama atawasikiliza pamoja na kila mmoja peke yake. Asiyetaka kujibu, mwacheni.

Kwa ushauri wa kisheria kwa mwanamke asiye na uwezo, FIDA Kenya, shirika la mawakili wanawake, ina ofisi Kisumu. Na kesi ya familia ikishafika mahakamani, mnaweza kuomba ipelekwe kwa mpatanishi wa mahakama kabla ya kusikizwa. Huko mnaongea faraghani, na mkiafikiana makubaliano yenu yanakuwa na nguvu ya amri ya korti.

Hatua ya 9: Ikibidi mtengane

Wengine hufika hapa baada ya kujaribu yote kwa moyo safi. Ndoa ya kanisa, ya msajili au ya kimila huvunjwa na mahakama. Wazee wanaweza kupatanisha lakini barua yao si talaka. Waislamu huenda kwa kadhi. Kabla ya kuhama, piga nakala za vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa, hatimiliki, stakabadhi za sacco na NSSF, na uziweke kwa mtu unayemwamini. Badilisha nambari ya siri ya M-Pesa. Hakiki ni nani uliyemwandika kama mrithi wa mafao yako.

Watoto waambiwe na nyote wawili, siku moja, kwa maneno yaleyale, hata yule wa chuo kikuu mnayedhani amekomaa. Msingoje wiki ya mitihani. Na kabla hawajauliza, waambieni ni nani atakayelipa karo ya muhula ujao, ni kwa nani watakaa Desemba, na kwamba simu za wazazi wote wawili zitapokelewa saa yoyote.